Mstari Usiorukwa

Zaburi ya 137 inaanza kwa kilio cha watu waliohamishwa Babeli na kuishia kwa kumwita heri atakayewapasua watoto wachanga wa adui mwambani. Liturujia ya Vipindi ya Kanisa Katoliki, iliyotoka 1971, iliiacha mistari hiyo ya mwisho. Nani atailaumu?

Wasomaji wa kale hawakuiruka. Katika karne ya 3, Origene wa Aleksandria aliona kwamba wachanga wa Babeli ni mawazo maovu yanayochipuka rohoni. Tazama ufundi wake: hakuufuta ukali wa maneno, aliugeuza uelekeo. Mkono uliokuwa ukimfuata mtoto wa jirani sasa unaishika chuki yangu mwenyewe, tena ikiwa changa, kabla haijajifunza kutembea. Benedikto, katika karne ya 6, aliuingiza usomaji huo katika Kanuni yake: wazo baya likija moyoni, livunjwe mara moja kwa Kristo, kisha lifunuliwe kwa mzee wa kiroho. Watawa wa Peramiho na Ndanda wanaishi kwa Kanuni hiyo hadi leo.

Lakini fundi ninayempenda zaidi ni Gregori wa Nisa, wa karne ya 4. Akiandika juu ya maisha ya Musa, alifika kwenye vifo vya wazaliwa wa kwanza wa Misri, akasita. Farao ndiye aliyekosa. Kitoto kisichojua mema wala mabaya kina kosa gani? Akamkumbuka nabii Ezekieli, asemaye mwana hatabeba uovu wa baba yake. Ndipo akatafuta fumbo: dhambi iuawe inapozaliwa. Kwa hiyo huruma ilimtangulia. Ndiyo iliyomtuma kutafuta maana ya ndani. Anayekimbilia fumbo bila kusita hivyo (na wapo wengi, hata mimbarini) huwasahau watoto wenyewe, na huwasahau pia wale wahamishwa, ambao walikuwa wakiomba Babeli itendewe kama ilivyowatendea.

Agostino aliweka kipimo kikali: usomaji usiojenga upendo wa Mungu na wa jirani bado haujaelewa Maandiko. Anayekosea maana lakini akaufikia upendo, alisema, ni kama aliyeiacha barabara akakatiza shambani na kufika kulekule. Hata huyo alitaka arekebishwe, asije akazoea kupotoka.