Picha Bila Jina: Juu ya Maelezo ya Picha za Kujifurahisha Katika Kivu

Picha ya kinanda cha zamani cha kanisa, hata ikipigwa kwa ustadi, haielezi kinanda hicho kilitengenezwa wapi wala nani alikuwa akikipiga. Neno lenyewe halisaidii sana. Katika Kiswahili cha pwani, kinanda kilikuwa kwanza chombo cha nyuzi. Baadaye maana yake ilipanuka, ikachukua harmoniamu, piano, ogani, hata gramafoni. Anayeandika nyuma ya picha "kinanda cha zamani" na kuishia hapo, amemwachia msomaji wa kesho kitendawili. Makala haya yanahusu maneno hayo machache yanayofuatana na picha, ambayo wahakiki huyapita haraka wakikimbilia mwanga na kivuli.

Mfano ulio wazi ni wa Casimir Zagourski, mpigapicha Mpolandi aliyefika Léopoldville mwaka 1924, akafungua duka la picha, na kusafiri ndani ya Kongo na nchi jirani. Alifariki mwaka 1944. Kadi zake za posta zilitolewa kwa jina la L'Afrique qui disparaît, yaani Afrika inayotoweka. Ufundi wake haukanushiki: nyuso zimesogelewa kwa makini, na misuko ya nywele inaonekana waziwazi. Lakini maelezo ya kadi hizo kwa kawaida hutaja kabila na eneo, si jina la mtu. Aliyesimama mbele ya kamera amegeuzwa kuwa kielelezo cha kabila lake. Ikiwa Afrika ile ilikuwa inatoweka kweli, basi kilichotoweka kwanza ni jina, ambalo lingeweza kuhifadhiwa kwa neno moja au mawili.

Jambo la kushangaza ni kwamba gorila wa Kahuzi-Biega walitendewa vema zaidi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1970 kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, na madume wakubwa wakapewa majina: Casimir (hana uhusiano na mpigapicha, ni sadfa tu), Mushamuka, na baadaye Maheshe. Kila mmoja alijulikana kwa jina lake. Katika miaka hiyohiyo ya 1970, Batwa waliokuwa wakiishi katika msitu ule waliondolewa. Hivyo mandhari tupu ya mlima Kahuzi si uongo wa kamera, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kutolewa. Uongo huingia pale mtu anapoandika chini yake "msitu usioguswa". Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki za Batwa hao zilivunjwa. Anayepanda leo kutoka Bukavu na kamera yake, kisha akaandika "Kahuzi, mita 3,308", ameandika kweli, ila ameandika nusu.

Majengo yana bahati kidogo. Kadi ya Bukavu iliyochapwa jina Costermansville hujitajia umri wake kwa kiasi fulani, kwa kuwa jina hilo liliachwa katika miaka ya 1950. Picha ya nyumba ileile isiyo na neno lolote haina msaada huo. Huko Zanzibar, Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Fundi anayetaka kujua ufa upi ulitangulia hawezi kutumia picha nzuri isiyo na tarehe. Picha mbaya yenye tarehe atailipia.

Wapo watakaopinga kwamba picha bora hujitegemea, na kwamba maneno huipunguzia nguvu. Hoja hiyo inafaa ukutani, katika maonyesho. Lakini anayepiga picha kwa kujifurahisha ana nafasi ambayo Zagourski, mfanyabiashara wa kadi, hakuwa nayo: hauzi, wala hana mnunuzi wa mbali anayetaka "kabila" badala ya mtu. Muda wa kuuliza anao. Na kwa kinanda kazi ni nyepesi zaidi, maana mara nyingi jina la mtengenezaji limeandikwa juu ya vibonye, na mpigaji ameketi palepale.