Shamba Lililoteketea: Juu ya Senema za Judy Kibinge

Mtu asafiriye kutoka Bungoma kwenda Kitale kwa njia ya Webuye hufuatana na mahindi karibu mwendo mzima. Misikhu, Kamukuywa, Kiminini. Huku mashamba na huku mashamba, na upande wa kushoto Mlima Elgon umejilaza kama fahali aliyeshiba. Mgeni apitaye hawezi kukisia kwamba nchi hii ya neema imewahi kuungua. Lakini iliungua mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ikaungua tena baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Siku zile uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale, ambamo watu walizoea kwenda kutazama ng'ombe wa maziwa na matrekta, ulijaa mahema ya watu waliokimbia makwao. Katika Kenya nzima waliouawa walizidi 1,100, na waliofukuzwa majumbani mwao walihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Wewe usomaye maneno haya yamkini ulikuwa hujazaliwa, au ulikuwa bado ukibebwa mgongoni. Wazazi wako wanayajua, walakini hawayasemi. Aliyechoma na aliyechomewa hukutana siku ya soko, hujuliana hali, na kila mmoja hushika njia yake. Kwa sababu ya ukimya huo nimechagua kuandika habari za mwongozaji wa senema, Bi. Judy Kibinge, na hasa habari za picha yake moja aliyoitoa mwaka 2013. Jina lake kwa Kiingereza ni Something Necessary, na kwa lugha yetu twaweza kuiita Jambo la Lazima.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya kazi ya mwongozaji. Watu humjua mchezaji kwa kuwa humwona uso wake. Mwongozaji hawamwoni kabisa. Lakini ndiye aamuaye kamera isimame wapi, mchezaji anyamaze kwa kitambo gani kabla ya kujibu, na tukio lipi likatwe hata kama limegharimu fedha nyingi. Hadithi yaweza kuwa imeandikwa na mtu mwingine, kama ilivyokuwa katika picha hii, na fedha zikatoka kwa mwingine tena. Lakini mahali tuwekwapo ili tuitazame hadithi hiyo ni shauri lake yeye. Basi amhukumuye mwongozaji asiulize tu ni jambo gani limesimuliwa, bali aulize pia, "Nimesimamishwa wapi, na karibu na nani?"

Bi. Kibinge alizaliwa mwaka 1967. Alisoma Uingereza, kisha akafanya kazi ya kutunga matangazo ya biashara mjini Nairobi katika kampuni ya McCann Erickson, akapanda mpaka akawa mkuu wa watungaji. Mwaka 1999 aliiacha kazi hiyo yenye mshahara mzuri akaingia katika senema, wakati ambapo senema ya Kenya ilikuwa jambo la kubahatisha. Walikuwapo waliotangulia, hapana shaka: Sao Gamba alikuwa ametoa Kolormask mwaka 1986, na Anne Mungai akatoa Saikati mwaka 1992. Lakini kati ya picha moja na nyingine miaka ilipita, na aliyetaka kula kwa kazi hiyo alikula kwa shida.

Picha zake za kwanza hazikuwa na machozi. Dangerous Affair ya mwaka 2002 ni hadithi ya mapenzi na usaliti miongoni mwa vijana wa Nairobi wenye kazi nzuri na nguo nzuri. Project Daddy ya mwaka 2004 ni mchezo wa kuchekesha juu ya msichana wa mjini atafutaye mtu wa kuzaa naye. Wako wahakiki waonao kwamba picha za namna hii ni nyepesi, na kwamba msanii wa Kiafrika hana budi kusema habari za umaskini na vita. Mimi sikubaliani nao. Wakati ule mtazamaji wa ng'ambo alikuwa amezoea kumwona Mwafrika katika senema akiwa na njaa au akiwa na mkuki. Kumwonyesha akiwa ameketi mkahawani akimdanganya mchumba wake kulikuwa kumrudishia ubinadamu wake wa kila siku. Tena kazi hizo zilimzoeza mwongozaji kukata maneno. Aliyezoea kusema jambo zima katika tangazo la nusu dakika hajui kupoteza muda wa mtu, na faida yake tutaiona baadaye.

Ndipo zikaja siku za mwisho wa 2007. Katika mwaka 2008 Bi. Kibinge alitoa picha fupi ya habari za kweli, Coming of Age, iliyoutazama utawala wa Kenyatta, wa Moi na wa Kibaki kama mtu atazamavyo umri wake mwenyewe, tangu utoto hadi utu uzima. Ni ya dakika chache tu. Tangu hapo naona kwamba swali lake limebadilika. Zamani aliuliza wanadamu wanapendanaje; sasa anauliza wataishije pamoja baada ya kudhuriana.

Something Necessary ilitengenezwa chini ya mpango wa One Fine Day Films, kampuni iliyoanzishwa na Mjerumani Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann, wakishirikiana na Ginger Ink ya Nairobi. Mpango huo ndio uliotoa pia Soul Boy mwaka 2010 na Nairobi Half Life mwaka 2012. Hadithi ina watu wawili. Wa kwanza ni Anne, ambaye Susan Wanjiru amemcheza. Ghasia zimemwua mumewe, zimemjeruhi mwanawe, na shamba lao lililo peke yake mashambani limekuwa magofu. Wa pili ni Joseph, ambaye Walter Lagat amemcheza: kijana wa kundi lililoshiriki katika ghasia zile, ambaye moyo haumpi raha na miguu yake yamvuta kurudi palepale palipoharibiwa. Shamba lile lingaliweza kuwa Kiminini. Lingaliweza kuwa Endebess.

Jambo la kwanza la kusifiwa ni mahali hadithi ianzapo. Mtengenezaji mwingine angalijaza saa nzima mikuki, mioto na vilio, kwa kuwa moto hupendeza machoni hata unapokuwa wa msiba. Bi. Kibinge ameweka uzito wake baada ya moto. Anachotaka tukitazame ni majivu, na mtu asimamaye mbele ya majivu akifikiri aanze na lipi. Aliyepata kuona nyumba iliyoungua anajua kwamba kazi hiyo haina fahari: kukusanya mabati yaliyojipinda, kuchagua kuni zipi bado zafaa, kuhesabu shilingi za misumari. Anne hatoi hotuba. Kujenga upya ndiko kusema kwake, na wenziwe waonapo kwamba ni wazimu kurudi mahali kama pale, yeye ameshika shauri lake. Hapa ndipo ile shule ya matangazo ya biashara inapoonyesha faida yake, kwa kuwa picha hii ya chini ya saa moja na nusu haina maneno ya kujazia.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mwongozaji amempa Joseph uso. Hakumfanya kivuli kinachopita na rungu usiku. Ametutembeza naye mchana, tukaona kwamba ni kijana kama vijana tunaowafundisha, asiye na kazi, aliyewafuata wenziwe, na ambaye sasa hawezi kuwaacha wala kuwafuata. Hadithi inakwenda kwa zamu, mara kwa Anne, mara kwa Joseph, hata mtazamaji anashikwa na wasiwasi: je, nimhurumie huyu?

Niliionyesha picha hii kwa wanachuo wangu wanaojifunza ualimu, jioni moja, kwa mashine ya kuazima na shuka iliyotundikwa ukutani. Kulikuwa na watu wa Trans Nzoia, wa Bungoma, na wachache wa kutoka miteremko ya mlima. Taa ziliporudi, ukumbi uligawanyika. Wengine walikasirika kwamba mhalifu amepewa dakika nyingi kama zile za aliyedhulumiwa, wakasema kuwa huko ni kumsafisha. Wengine walisema kwamba asipopewa dakika hizo, basi sisi walimu tutawatambuaje akina Joseph wakiwa bado darasani, kabla hawajashika kiberiti? Walibishana hata mlinzi akaja kutaka kufunga milango.

Shauri langu mwenyewe ni hili. Kumwelewa mtu si kumwondolea hatia, na mwongozaji ameijua tofauti hiyo, kwa maana hakumruhusu Joseph atue mzigo wake kwa urahisi. Aliyeumizwa hana deni la kumsamehe yeyote ili sisi watazamaji tulale vizuri. Katika hilo picha hii imewashinda wahubiri wengi wa amani waliotuzunguka mwaka 2008, waliotaka watu washikane mikono mbele ya kamera za televisheni kabla hata ya maiti zote kuzikwa.

Lakini ina upungufu, na singekuwa mwalimu mwaminifu kama ningeuficha. Watu wale wawili wameonyeshwa kwa karibu sana hata ardhi iliyo chini ya miguu yao imekuwa kama pazia la nyuma tu. Katika nchi yetu ya Trans Nzoia ardhi si pazia. Mashamba haya walipewa walowezi wa Kizungu zamani za ukoloni. Baada ya mwaka 1963 yaligawanywa kwa mipango ya serikali na kwa makampuni ya kununua ardhi, na wako waliopata na wako waliokosa, na waliokosa hawakusahau. Kijana ashikaye kiberiti huwa amewekewa kuni na watu wazima wenye mihuri na hati mkononi. Atazamaye picha hii bila kuyajua hayo aweza kutoka akidhani kwamba ghasia zile zilikuwa ugonjwa wa mioyo tu, ambao majuto ya mtu mmoja na ushupavu wa mwingine vyatosha kuutibu.

Kwa bahati njema Bi. Kibinge hakukomea hapo. Mwaka 2015 alitoa Scarred: The Anatomy of a Massacre, picha ya habari za kweli juu ya mauaji ya Wagalla, karibu na Wajir. Mwezi Februari 1984 askari waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege, wakawaweka juani bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Walionusurika wamesema siku zote kwamba idadi ilikuwa mara nyingi zaidi ya hiyo. Katika picha hii hakuna wachezaji. Wazee wenyewe wanakaa mbele ya kamera na kusema. Naye mwongozaji, ambaye angaliweza kuwakatiza kwa muziki wa kuliza watu, ameacha wanyamaze wanapotaka kunyamaza. Lile niliyolikosa katika Something Necessary, yaani mkono wa wenye mamlaka, hapa liko wazi mbele ya macho. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, ingawa wengi huitaja ile ya kwanza kwa kuwa ndiyo iliyofika Toronto.

Tangu mwaka 2013 amefanya jambo jingine ambalo kwa desturi haliandikwi katika sifa za msanii. Alianzisha Docubox, mfuko wa kuwasaidia watengenezaji wa picha za habari za kweli katika Afrika Mashariki. Mwenye kutumia nguvu zake ili wengine watengeneze picha hupunguza picha zake mwenyewe. Hesabu yake ni hiyo, na ameilipa.

Hapo ndipo ninapowakumbuka wale wanachuo wachache wa mlimani. Sehemu ya miteremko ya Elgon sasa imo katika kaunti ya Bungoma. Tangu mwaka 2006 mgogoro wa ugawaji wa ardhi ya Chebyuk ulizaa kundi lililojiita Jeshi la Kulinda Ardhi ya Wasabaoti, lililoua na kukata watu masikio; na mwezi Machi 2008 jeshi la serikali likapanda kulizima, na wanaume wengi wakakamatwa na kuteswa, na wako wasiojulikana walipo hadi leo. Hayo yameandikwa katika ripoti za tume na za watetezi wa haki za watu. Wajir walingoja miaka 31 kabla ya wazee wao kukaa mbele ya kamera ya Bi. Kibinge, na wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Siku ya pili yake, mmoja wa wanachuo wale, ambaye usiku wa mabishano hakusema neno, alinijia ofisini. Akaniuliza, "Mwalimu, simu hii yangu yaweza kurekodi mtu akizungumza kwa muda gani kabla ya kujaa?" Nikamwuliza anataka kumrekodi nani. Akasema, "Bibi yangu."