Kubisha Hodi Baharini: Kibali, Hongo na Upweke katika Masimulizi ya Safari za Kayaki

Utangulizi

Msafiri wa peke yake baharini ni mhusika aliyezoeleka katika fasihi ya safari ya Ulaya na Marekani. Huchorwa akiwa kati ya maji na mbingu, hana bwana wala mtwana, na uhuru wake hupimwa kwa umbali aliousafiri kwa nguvu za mikono yake. Makala haya yanadai kwamba taswira hiyo haistahimili uchunguzi wa karibu, hasa inapohusu chombo chembamba cha kupigwa kafi kiitwacho kayaki. Kiini cha masimulizi ya aina hii si mawimbi; ni mlango. Ni tukio la msafiri kusimama mbele ya mwenye mamlaka, awe afisa wa bandari, polisi au mzee wa kijiji, na kuomba apite au alale. Tukio hilo aghalabu husimuliwa harakaharaka, kama kero inayochelewesha safari. Hata hivyo, ndipo itikadi ya utungo inapojifichua.

Tungo mbili zitachunguzwa. Ya kwanza ni simulizi la Mjerumani Oskar Speck, aliyesafiri kwa kayaki ya kukunjwa kutoka Ulm hadi mlango wa Australia kati ya 1932 na 1939, na ambaye masimulizi yake yalichapishwa katika jarida la Australasian Post mwaka wa 1956. Ya pili ni The Happy Isles of Oceania (1992) ya Mmarekani Paul Theroux. Mary Louise Pratt, katika Imperial Eyes (1992), ameonyesha jinsi msafiri wa Kizungu anavyojichora kuwa mtu asiye na hatia huku akiendeleza utawala wa kwao. Makala haya yanaikubali rai hiyo, lakini yanaongeza kwamba msamiati wa Kiswahili wa hodi, kibali na hongo unatoa kipimo kikali zaidi cha kuzihakiki tungo hizi.

Kayaki na Ulazima wa Pwani

Ni muhimu kwanza kuelewa jinsi chombo kinavyoathiri fani. Mwenye jahazi anaweza kukaa baharini siku nyingi. Ana shehena ya maji, chakula na mahali pa kulala. Mwenye kayaki hana. Isipokuwa wachache waliovuka bahari kuu, kama Hannes Lindemann aliyevuka Atlantiki kwa kayaki ya kukunjwa mwaka wa 1956, wasafiri wa kayaki hufuata pwani na hutua karibu kila jioni. Kwa hiyo muundo wa masimulizi yao ni wa vituo: kutoka, kupiga kafi, kutua, kueleza wewe ni nani, kulala, kutoka tena.

Sheria nayo inauthibitisha muundo huu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 huvipa vyombo vya kigeni haki ya kupita kwa amani katika maji ya nchi yenye pwani, maji yanayofika maili 12 za bahari. Lakini haki hiyo ni ya kupita, si ya kutua wala kupiga kambi. Mwenye kayaki, ambaye hawezi kupita bila kutua, huwa nje ya haki hiyo kila machweo. Nchini Chile, jeshi la majini hudai kwamba chombo kipate hati ya kuondokea iitwayo zarpe kabla ya kung'oa nanga; utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya merikebu humwangukia pia mtu mmoja aliyeketi katika chombo kisicho na nanga. Mtu anayejisimulia kuwa yuko peke yake, basi, ni mtu anayekutana na dola mara nyingi kuliko abiria wa meli.

Hodi, Kibali na Hongo

Katika utamaduni wa Waswahili, kuomba ruhusa ni tendo lenye kanuni. Mgeni hubisha hodi akiwa nje. Isipoitikwa, huirudia, na hodi ya tatu isipoitikwa, hurudi alikotoka bila kinyongo. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba hodi haina maana ikiwa mwenye nyumba hana uwezo wa kunyamaza. Anayebisha huku ameshaingia hajabisha. Ametangaza kuwasili kwake tu.

Neno kibali nalo lina tabaka mbili. Kwa upande mmoja ni cheti kinachotolewa na ofisi. Kwa upande mwingine ni hali ya kukubalika mbele ya watu, kama asemavyo mtu kuwa fulani amepata kibali. Tabaka hizi hazikutani kila mara: mtu anaweza kuwa na cheti na asikubalike, au akakubalika bila cheti.

Historia ya neno hongo inafunza zaidi. Katika misafara ya karne ya 19, hongo ilikuwa malipo ya nguo, shanga au waya yaliyotolewa kwa mtawala wa mahali, kwa mfano huko Ugogo ambako maji yalikuwa adimu. Malipo hayo yalijadiliwa, pengine kwa siku kadhaa, na kwa kuyatoa msafara ulikiri kwamba njia na kisima vina mwenyewe. Wasafiri wa Kizungu kama Burton na Stanley waliyalalamikia kama unyang'anyi. Leo neno hilo lina maana ya rushwa. Ada iliyokuwa ya halali ilipopokonywa wenyeji na kuhamishiwa ofisi ya serikali, jina lake lilibaki likiitaja aibu.

Speck: Vyeti na Wanaovitoa

Speck hakuanza kama mwakilishi wa dola yoyote. Alikuwa fundi wa umeme aliyekosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi, na nia yake ya awali ilikuwa kufika Cyprus kutafuta kazi katika migodi ya shaba. Alishuka Mto Danube, akaingia Aegean kwa Mto Vardar, akafuata Euphrates hadi Ghuba ya Uajemi, kisha pwani za Bara Hindi, Burma, Malaya na visiwa vilivyokuwa chini ya Waholanzi. Umasikini wake unaweza kutumiwa kama hoja dhidi ya uhakiki huu: je, mtu asiye na ajira wala bunduki ya serikali aweza kuhesabiwa miongoni mwa wabeberu? Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa. Lakini haiondoi swali la nani alimruhusu.

Katika pwani ya Uajemi kayaki yake iliibwa, na akairudisha kwa kutoa rushwa. Hapa hongo kwa maana ya leo inafanya kazi ya hongo ya kale, ila bila heshima yake: msimulizi analipa bila kukiri kwamba anayelipwa ni mwenye mahali. Katika kisiwa cha Lakor alivamiwa usiku na kundi la wenyeji, akafungwa kamba na kupigwa hata sikio likaumia vibaya. Ukatili huo hauwezi kutetewa. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuona kwamba simulizi linawapa wenyeji mikono ya kupigia, haliwapi kinywa cha kueleza. Msomaji hawezi kujua kama mgeni huyu alidhaniwa kuwa nani. Picha za safari zinaonyesha bendera ndogo yenye alama ya swastika kwenye chombo chake; bendera nayo ni aina ya kujitambulisha, na anayeipeperusha hachagui jinsi itakavyosomwa.

Kilele cha suala la kibali ni New Guinea. Wakuu wa Kiholanzi walimnyima ruhusa ya kufuata pwani ya kusini, ambayo ingemfikisha Australia kwa njia fupi, ikamlazimu kuzunguka kaskazini mwa kisiwa hicho kikubwa. Kunyimwa huku kunamrefushia safari, lakini hakuivunji imani yake kwamba ruhusa ni jambo la Wazungu kwa Wazungu. Watu wa pwani zile, ambao ndio waliokuwa wakimwona akitua, hawakuwa watoaji wa cheti.

Mwisho wa simulizi una kinaya kikubwa. Septemba 1939, Speck alitua Saibai, kisiwa cha Australia kilicho kilomita chache tu kutoka pwani ya Papua. Vita vilikuwa vimetangazwa. Kwa mujibu wa masimulizi yake, polisi watatu waliompokea walimpongeza kwanza, kisha wakamwarifu kuwa yeye ni raia wa nchi adui na kwamba atazuiliwa. Alikaa kizuizini hadi 1946. Hodi moja iliitikwa kwa majibu mawili, karibu na kamata, tena kutoka kinywa kimoja. Upweke wake wa miaka saba ulivunjika papo hapo: alikuwa Mjerumani tu.

Nani Aliyehitaji Cheti?

Kinaya hicho kimezoeleka kusomwa kama msiba wa mtu mmoja. Usomaji huo ni finyu. Mnamo 1936, miaka mitatu kabla ya Speck kutua, wenyeji wa visiwa vya Mlangobahari wa Torres waliokuwa wakifanya kazi katika vyombo vya baharini waligoma. Miongoni mwa malalamiko yao ni serikali kudhibiti mishahara yao na kuwawekea masharti ya kusafiri kati ya kisiwa na kisiwa. Watu waliozaliwa na bahari ile walidaiwa pasi ili wavuke maji ya kwao wenyewe.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana. Katika miaka ya 1920 na 1930, mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, aghalabu katika kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni, na mienendo yake katika nchi yake ikategemea sahihi ya mwajiri. Miaka ileile, mtu asiye na kazi kutoka Hamburg aliweza kupita pwani ya himaya hadi himaya. Tofauti haikuwa ya ushujaa. Uhuru wa msafiri wa peke yake uliwezekana kwa sababu wengine walikuwa wamefungiwa mahali.

Theroux: Kuomba kwa Kejeli

Theroux aliandika visiwa vingi vikiwa vimeshapata uhuru. Mwandishi huyu alifukuzwa Malawi mwaka wa 1965 na akafundisha Makerere hadi 1968. Hakuwa mgeni wa suala la kukubaliwa na kukataliwa. Katika sura za Trobriand na Tonga, msimulizi anajifunza kwamba kisiwa kisicho na watu si kisiwa kisicho na mwenyewe, na kwamba hema halisimikwi kabla ya kuuliza. Hii ni hatua mbele ya Speck: mtoaji wa kibali ni mwenyeji, ana jina, na anasema.

Lakini sauti ya kejeli inayoitawala nafsi ya kwanza hulipiza kisasi. Mwenyeji anayetoa ruhusa huchorwa mara nyingi kuwa mdaku, mwombaji au kichekesho, na hata mfalme wa Tonga, aliyemkaribisha mwandishi kwa mazungumzo, haepuki jicho hilo. Msimulizi ameomba kwa adabu ufukweni, akaifuta adabu hiyo kwa kalamu. Kibali cha cheti amekipata. Kibali kwa maana ya kukubaliana kimebaki ufukweni.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba suala la ruhusa si pambo katika masimulizi ya kayaki, ndilo linaloyajenga. Kipimo kinachopendekezwa ni chepesi kutamka na kigumu kutimiza. Swali si kama msafiri alitii sheria, wala kama alikuwa na huruma. Swali ni kama utungo unampa anayeombwa uwezo wa kukataa, na kama kukataa kwake kunasimuliwa kama haki na si kama kikwazo. Speck alitambua kukataa kwa maafisa tu. Theroux alitambua kukubali kwa wenyeji, kisha akaicheka.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Fasihi ya safari baharini inaposomwa kwa lugha za watu waishio pwani, marejeo yake ni kwa yule aliyekuwa ufukweni akimtazama mgeni akija, naye hajaitikia bado.