Kichwa Kile Hakikupaswa Kuguswa

Video mmeiona wote, kwa hiyo sitapoteza wino kuisimulia upya. Kamera ya geti, mtoto wa mbwa wa kama miezi miwili, mbwa koko mweusi kapenya kwenye upenyo wa ukuta, vurugu. Mpaka dada wa nyumba anammwagia koko ndoo nzima ya maji usoni na meno yanaachia, kazi imefanyika vizuri kuliko ninavyoona kwa wengi wanaojiita wazoefu: hakuingiza mkono katikati ya midomo, wala hakumvuta mtoto kwa nguvu nyama ikachanika. Pointi zake kamili.

Halafu akatokea mzee wa rungu.

Naambiwa mtaani kwao anasifiwa mpaka leo. Mimi kila nikiitazama ile sehemu naona uamuzi mbovu kuliko yote ya asubuhi ile, ukiwemo wa kuacha ukuta na tundu. Irudisheni nyuma muitazame polepole. Koko ameshaachia. Amelowa, amejibana kwenye kona kati ya tangi la maji na ukuta, haendi kokote. Kushoto kwake banda la kuku liko wazi na ni tupu. Fagio la chelewa lenye mpini mrefu limeegemea pale pale. Kumsukumia bandani na kutia komeo ilikuwa kazi ya nusu dakika kwa watu wawili. Mzee hakutazama banda wala fagio. Aliinua rungu akalishusha kichwani, akarudia, na hata mnyama alipokwisha kulala akaongeza jingine la kujiridhisha. Watoto nyuma wanapiga kelele "Kichaa! Kichaa!" kana kwamba rungu ndilo limetoa majibu ya maabara.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kujua kama mbwa aliyeuma ana kichaa kuna njia mbili: umtazame akiwa hai, au upime ubongo wake akishakufa. Kipimo cha damu cha kukupa jibu la kuaminika kwa mbwa aliye hai hakuna. Mzee wa rungu alizifunga njia zote mbili kwa mkupuo.

Njia ya kwanza haina gharama kubwa kuliko ugali na maji ya siku 10. Virusi vya kichaa husafiri kwenye mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, kisha ndipo vinashuka kwenye tezi za mate. Mbwa ambaye mate yake yana virusi leo ameshafika mwisho wa safari: ndani ya siku 10 ataonyesha dalili au atakufa. Kwa hiyo koko angefungiwa, akafika siku ya 10 anakula na anabwekea bodaboda kama kawaida, tungejua kwamba siku ya kuuma mate yake hayakuwa na kitu. Mtoto wa mbwa angeondolewa kwenye mashaka ya kichaa, na kila aliyemshika naye angepumua. Isitoshe, siku 10 zinatosha kuuliza mtaa mzima koko ni wa nani na kama ana kadi ya chanjo. Wengi wa hawa tunaowaita koko wana mwenyewe, ila siku ya kuuma mwenyewe hajitokezi.

Njia ya pili inataka kichwa kizima. Tangu Adelchi Negri alipovitambua vile vijidoa ndani ya seli za ubongo mwaka 1903, na baadaye kipimo cha kingamwili zinazong'aa kwenye darubini kilichoanza 1958, mtaalamu anachohitaji ni ubongo wenyewe, na siku hizi hasa shina la ubongo na ubongo mdogo. Kichwa kinawekwa kwenye barafu, kinapelekwa haraka. Kwa Dar es Salaam, maabara ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) iko Temeke. Si safari ya kuombea nauli ya ndege. Lakini unapeleka nini ikiwa fuvu limepondwa na mzoga umelala jaani tangu saa tatu asubuhi kwenye joto la Pwani?

Najua kuna atakayenijibu kwamba hata mbwa aliyemuuma Joseph Meister, yule mtoto wa miaka tisa aliyepelekwa kwa Louis Pasteur Julai 1885, aliuawa na mwenyewe. Kweli. Na matokeo yake? Ikabidi wapasue tumbo, wakakuta nyasi kavu na vipande vya mbao, wakasema huyu alikuwa na kichaa kwa sababu mbwa mzima hali mbao. Ilikuwa ni kubahatisha kwa heshima, na wanahistoria wamebaki na maswali mpaka leo. Pasteur alikuwa na udhuru, kwani Negri alikuwa bado kijana wa shule. Mzee wetu ana simu mfukoni na ofisa mifugo wa kata ana namba.

Mabwana mifugo wa enzi za majosho wasingeifanya kazi ile hivyo. Wale wazee wa kaptula za kaki walikuwa na mti mrefu wenye kitanzi mwishoni; walimnasa mbwa shingoni wakiwa mbali naye, wakamfungia, wakaandika tarehe kwa chaki kwenye mlango wa banda. Hakuna aliyepigiwa makofi. Siku hizi tuna wataalamu wenye shahada na pikipiki za serikali, na kile kitanzi ukikiulizia ofisini unatazamwa kama umeomba mkuki.

Wale wanaosema kuua koko ndiko kunakomaliza kichaa niwapeleke Pemba. Huko ugonjwa ulikwisha 2014, ukarudi 2016 ukitokea nje ya kisiwa, ukamalizwa tena 2018, na silaha ilikuwa sindano za chanjo kijiji kwa kijiji. Flores, kule Indonesia, mwishoni mwa miaka ya 1990 waliua mbwa kwa maelfu na kichaa hakikuondoka. Nimeliandika hili kabla na nitaliandika tena.

Turudi kwa majeruhi, ambaye kwenye shangwe za rungu amesahaulika pale chini kwa muda wa kutosha kunitia hasira. Mama mwenye nyumba alipomfikia alifanya jambo la maana: sabuni na maji ya bomba, muda mrefu. Dakika 15 ndicho kipimo. Hakumwaga spiriti wala majivu, na sikuona oili chafu ya gari, ambayo kuna watu wanaiamini kuliko daktari.

Kasoro ni kuridhika na alichokiona. Shingoni palikuwa na vitundu viwili vidogo, akasema "afadhali, hajaumia sana." Jino la chonge ndivyo linavyodanganya. Linaingia kwa tundu dogo, halafu koko anatikisa kichwa. Ngozi ya mtoto wa mbwa imelegea, inafuata jino huku na huku, na chini yake nyama inachanika upana wa kiganja bila wewe kuona. Jino linatoka, tundu linajifunga, na mate yenye bakteria yamebaki ndani. Siku ya tatu ni usaha. Ndiyo maana tundu la namna hii halishonwi likabanwa: nywele zinanyolewa, linasafishwa kwa maji ya chumvi, linaachwa wazi, na kama uwazi wa ndani ni mkubwa daktari anaweka mrija wa kutolea uchafu. Maji yenyewe si siri, ni nusu lita iliyochemshwa ikapoa na kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa.

Kabla ya hapo kuna mambo ambayo video haikuonyesha yakifanywa. Mfunue mdomo kama anakubali, bonyeza ufizi kwa kidole: unageuka mweupe, unapaswa kurudia rangi yake ndani ya sekunde mbili. Ukichelewa, au ukiwa mweupe tangu mwanzo, mtoto anapoteza damu ndani au amepatwa na mshtuko, na safari ya kwa daktari haingoji jioni. Papasa shingo na kifua. Ngozi inayochakarika chini ya kidole maana yake hewa inavuja, koo au pafu limetobolewa. Mviringe kanga apate joto. Dawa za maumivu za kabati lako ziache kabatini. Paracetamol, diklofenaki na ibuprofeni zimewaua watoto wa mbwa ambao meno ya koko yaliwabakiza.

Hesabu ya rungu sasa inakuja. Kwa kuwa koko hawezi tena kutazamwa wala kupimwa, mtoto huyu lazima ahesabiwe kama aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Apewe chanjo mara moja, afungiwe peke yake miezi minne, na madaktari wengine watasema sita, kwa sababu virusi vinaweza kujificha wiki mbili au miezi kadhaa kabla ya kujitokeza. Miezi minne bila kubebwa na watoto wala kulambana na mbwa wa jirani. Angekuwa tayari ana chanjo, angeongezewa dozi na kuangaliwa siku 45, basi. Familia nyingi zikiambiwa hayo zinaomba mnyama alazwe kwa sindano, na sizilaumu. Siku 10 za ugali bandani zingeweza kuwaepusha na yote hayo.

Kwa nini hakuwa na chanjo? Kwa sababu kampeni ikija kwenye uwanja wa shule, watu huleta mbwa wakubwa kwenye kamba na kuwaacha wadogo nyumbani, na mara nyingine ni mchanjaji mwenyewe anayewarudisha: "Huyu bado, mlete mwakani." Shirika la Afya Duniani linataka watoto chini ya miezi mitatu nao wachanjwe kwenye kampeni, na lile lengo la asilimia 70 ya mbwa wote halifikiki ukiwaacha nje wale wanaozaliwa kila msimu. Mwakani mtoto wa mbwa wa Dar es Salaam ni mzazi, kama hajafa.

Wamebaki watu. Mama aliyeosha kidonda kikiwa bado na mate ya koko, kama mikono yake ilikuwa na mikwaruzo, aende kituo cha afya leo akaanze chanjo. Asisubiri mtoto wa mbwa aonyeshe dalili ndipo ashtuke. Waende na wale wavulana walioukokota mzoga kwa mguu mpaka jaani, mmoja wao peku. Na mzee naye asibaki kijiweni kupokea pongezi, maana kamera inaonyesha wazi kwamba lile rungu alilipangusa kwa kiganja.