Kuanzia Sakafuni

Ngoma kubwa ya seti ya dramu hupigwa kwa mguu. Unyayo hukanyaga pedali, pedali huzungusha mhimili, mhimili hurusha kirungu, na kirungu hugonga wambo. Viungo hivyo ni vingi, na katika seti ya zamani iliyofufuliwa kila kimoja kimekwisha kulika kwa namna yake. Ndiyo maana ufundi wa kuitengeneza ni ufundi wa kutafuta chanzo: mpigaji hulalamikia pedali, kumbe kasoro imeanzia sakafuni.

Pedali nyingi za zamani zina asili yake Chicago. Mwaka 1909 mpiga ngoma William F. Ludwig, aliyeona pedali za wakati ule nzito mno kwa kasi ya muziki, alijitengenezea nyepesi, kisha yeye na nduguye Theobald wakaanzisha kampuni. Mwaka 1937 kampuni yake nyingine, WFL, ilitoa Speed King, pedali inayokutwa hadi leo chini ya seti nyingi za miaka ya 1960. Springi zake hazionekani. Ni mbili, hufanya kazi kwa kubanwa badala ya kuvutwa, na zimefichwa ndani ya nguzo za pedali. Asiyejua siri hiyo atapaka mafuta kila panapong'aa na kuliacha tatizo mahali pake.

Fundi mzoefu basi huanza chini. Ngoma inayosogea mbele kila inapopigwa haikipi kirungu umbali ule ule mara mbili. Miguu ya chuma inayotoka ubavuni mwa ngoma hukaguliwa: iwe na urefu sawa, skrubu zake zishike, ncha zake zing'ate zulia. Ikiwa imara, ngoma hutulia, na nusu ya malalamiko huisha kabla pedali haijaguswa.

Baada ya sakafu hufuata pete ya mbao inayobanwa na pedali. Miaka ya kubanwa huichimba, na pete iliyopinda huikalisha pedali upande, hata kirungu kikagonga kwa mshazari. Dawa yake ni kipande chembamba cha ngozi au mpira kati ya mbao na kibanio. Kukaza kwa nguvu zaidi huipasua pete ambayo mwenyewe amehangaika kuirudishia rangi yake ya asili.

Kirungu nacho kina kipimo. Ngoma ya inchi 22 ina kitovu chake inchi 11 kutoka ukingoni, na kirungu huwekwa kigonge hapo au karibu yake. Kwenye ngoma ya inchi 18 kirungu kile kile hupita juu ya kitovu, na sauti hukonda. Hapo fundi huchagua: ama afupishe fimbo ya kirungu, ama ainyanyue ngoma kidogo.

Sasa ndipo zamu ya springi. Katika Speed King hukazwa kwa skrubu zilizo chini ya nguzo, na kila moja huzungushwa kiasi sawa na mwenzake. Zikitofautiana, mhimili huvutwa upande mmoja na kulika mapema. Pedali inayokwaruza huwa na grisi iliyoganda kwa miongo, na grisi mpya ikiongezwa juu yake huwa uchafu juu ya uchafu. Hufunguliwa, hufutwa, hukaushwa, ndipo hulainishwa kidogo. Mlio wa pedali hii una historia yake: husikika waziwazi katika wimbo "Since I've Been Loving You" wa bendi ya Led Zeppelin wa mwaka 1970, chini ya mguu wa mpiga ngoma wake, John Bonham.

Mwisho hutazamwa wambo. Ukilegea sana, kirungu huzama na kuchelewa kurudi, na mpigaji hudhani springi imekufa. Ukikazwa mno, kirungu huruka na kugonga mara mbili. Kwa hiyo springi na wambo husawazishwa pamoja, badiliko moja kwa wakati, na baada ya kila badiliko ngoma hupigwa na kusikilizwa. Kazi imekamilika mguu unapokanyaga bila kushindana na chuma, na kirungu kinaporudi chenyewe mahali kilipoanzia.