Utunzi wa Tendi: Elimu ya Sikio na Mkono

Ushairi uliingia katika Uislamu ukiwa na sharti. Sura ya 26 ya Kurani, iliyopewa jina la washairi wenyewe, inawalaumu wanaosema wasiyoyatenda, kisha inawavua lawama hiyo walioamini, wakatenda mema na kumkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Mtume mwenyewe alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit. Na Kaab bin Zuhair, aliyekuwa adui, alimwendea na kasida akasamehewa. Watunzi wa Kiswahili wa Pate, Siu na Lamu waliishika idhini hiyo kwa mikono miwili. Kutunga kwao kulikuwa tawi la ibada, na ndiyo maana walikufundisha kwa adabu ileile waliyofundishia dini.

Mtunzi hakuanza kwa kutunga. Alianza chuoni, mbele ya ubao na kalamu ya tete, akiunganisha herufi hadi akahitimu Kurani. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ulipoandama alisikia Barzanji, kisomo cha kuzaliwa kwa Mtume, ikisomwa usiku kucha. Alikua akizisikia pia Burda na Hamziya za al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, kabla hajazifahamu maana. Hamziya ilikuwa shule peke yake: Sayyid Aidarus bin Athumani wa Pate aliifasiri kwa Kiswahili, na waandishi wakaweka fasiri hiyo chini ya Kiarabu, mstari kwa mstari. Mwanafunzi aliyeinakili aliona kwa macho yake jinsi maana inavyohamishwa kutoka lugha hadi lugha bila vina kumwagika. Baadaye angejaribu takhmisi, yaani kuuchukua ubeti wa mkubwa wake na kuuongezea mishororo yake mwenyewe hadi itimie mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mwenye Al-Inkishafi, aliutakhmisi hivyo utungo unaonasibishwa na Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani. Huo ulikuwa mtihani wa unyenyekevu, kwa kuwa maneno mapya yalisimama ubavuni mwa ya zamani, na kasoro haikuwa na pa kujificha.

Kipimo cha utendi kinajulikana: ubeti wa vipande vinne, kila kipande mizani nane, vitatu vya mwanzo vikishirikiana kina, na cha nne kikibeba bahari, yaani kina cha mwisho kinachorudi katika kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa maandishi sheria hiyo ni nyepesi. Uzito wake unaonekana katika Utendi wa Tambuka, aliouandika Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, akisimulia vita vya Waislamu na Warumi wa mfalme Herekali. Una beti zaidi ya 1,100, na kila moja lazima itue kwenye bahari ileile bila msomaji kuhisi kwamba neno limeburutwa. Inkisari na mazida, yaani kukata neno au kulirefusha, ni ruhusa ya mtunzi, lakini mabingwa waliitumia kwa kiasi, na kila mahali walipoitumia sikio linakubali.

Sikio ndilo lililokuwa hakimu. Utendi haukusomwa kimya kimya. Ulisomwa kwa mahadhi, mbele ya watu waliozijua tendi nyingine kwa moyo. Mizani ikipungua, sauti ya msomaji hukwama na kila aliye barazani hujua. Kijana aliyetunga alimpelekea mwalimu wake kwanza, akasoma, akakatizwa, akarudi kurekebisha. Mwalimu hakuhitaji kuhesabu kwa vidole. Alisikia tu.

Mkono nao ulikuwa na elimu yake. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo zina irabu tatu pale Kiswahili kinapotaka tano, wala Kiarabu hakina p, ch, g wala v. Be moja iliweza kusimama mahali pa b, p au mb. Mwenye kusoma muswada alilazimika kuijua lugha ya kishairi kabla ya kuutamka, na hapo ndipo mwalimu alipokuwa hana badali. Ubeti mzima uliandikwa katika mstari mmoja, vipande vinne vikitenganishwa kwa nukta au vijiua vidogo. Kwa kuwa maandishi yanatoka kulia, bahari yote iliangukia upande wa kushoto, silabi ileile ikishuka moja juu ya nyingine kutoka juu ya ukurasa hadi chini. Mwanafunzi angeweza kuiona bahari hata kabla ya kusoma neno. Vitabu vya chapa, vinavyouvunja ubeti kuwa mistari minne mifupi, vimetuondolea uzuri huo, na wachapishaji wachache sana wamesikitika.

Desturi nyingine ilihusu mlango wa kuingilia na wa kutokea. Utendi hufunguliwa kwa Bismillahi, kwa hamdu, na kwa sala juu ya Mtume, sahaba na watu wake. Mara nyingi hufuata wito wa kuletewa wino na karatasi, na hiyo ilikuwa adabu: mtunzi alitangaza mbele ya wasikilizaji kwamba anashika kazi ambayo haishikwi ovyo. Mwishoni hutaja jina lake na nasaba yake, akaomba radhi kwa makosa, akaomba dua.

Hakuna pahali mlango huo wa kutokea ulipofungwa vizuri kuliko katika utendi wa Mwana Kupona binti Msham. Mwanamke huyu, mzaliwa wa Pate, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyepambana na nguvu za sultani wa Zanzibar. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima wasia juu ya dini, mume, nyumba na watu. Alipomaliza aliacha ndani ya ubeti hesabu ya beti zake, 102, na mwaka wa Hijra, 1275. Hesabu hiyo ilikuwa kufuli. Mwenye kunakili akidondosha ubeti au akipachika wake, utendi wenyewe ungemshuhudia. Mama huyo hakumwachia mwanawe maneno tu. Alimwachia na njia ya kujua kwamba hayajaguswa. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Wanawake wa Lamu waliyahifadhi maneno hayo na kuwasomea mabinti zao, na mpaka leo ni vigumu kutaja wasia wa pwani bila kumtaja yeye.

Wanawake, kwa hakika, ndio waliobeba sehemu kubwa ya sanaa hii, ingawa majina ya wanaume ndiyo yaliyojaa vitabuni. Barawa ilikuwa na Dada Masiti, aliyetunga tenzi za dini kwa Chimiini, lahaja ya mji huo. Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu (1927–2017), aliyetunga Sambo ya Kiwandeo juu ya ujenzi wa jahazi, alifunzwa ushairi na nyanya yake, Amina Abubakar Sheikh. Yaani bingwa wa karne ya 20 alisomea nyumbani, kwa mwanamke mzee mwenye hifadhi.

Wanakili nao wanastahili heshima wasiyopewa. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji wa mbao, na mkono wake unatambulika kwa unadhifu wake. Miswada mingi aliyoiandika ilinunuliwa na wataalamu wa Ulaya, na leo mtu wa Lamu anayetaka kuishika mkononi hana budi kuiomba London au Ujerumani. Mjini Mombasa, Mwalimu Sikujua alisaidia kuyaandika mashairi ya Muyaka bin Haji, ambayo yalikuwa yakiishi vinywani mwa watu. Bila wanaume hawa wawili rafu zetu zingekuwa tupu kuliko zilivyo.

Mwaka 1954 Sheikh Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, na kanuni zilizokuwa kifuani mwa walimu zikawa kitabu mkononi mwa kila mtu. Kilikuwa kitendo cha upendo. Hata hivyo kitabu kinaweza kutaja sheria lakini hakiwezi kusikiliza. Shule zikachukua hesabu ya mizani na vina, zikaacha mahadhi, zikaacha kunakili, zikaacha kuhifadhi. Mwanafunzi wa sekondari leo huulizwa idadi ya mishororo ya shairi ambalo hajawahi kulisikia likisomwa kwa sauti, na anapata alama zake zote.

Waliolaumu mashairi huru yaliyokuja baada ya Kichomi, diwani ya Kezilahabi ya mwaka 1974, walielekeza lawama pasipo. Utendi haukudhoofishwa na aliyeacha vina kwa kukusudia. Unadhoofishwa na anayevitaka lakini hataki kusahihishwa: anayetunga asubuhi, akatuma kwa simu kabla ya adhuhuri, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyemsomea. Vina vipo, mizani inatimia, na beti hazina uzito, kwa sababu hazikupita katika sikio la mtu anayejua zaidi. Sala juu ya Mtume huwekwa mwanzoni kama anwani, kisha husahaulika.

Walimu wa kusahihisha bado wapo, wachache, Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja, na wengi wao ni wazee. Anayetunga leo na awapelekee kazi yake kabla ya kuichapa, akae, asome kwa sauti, akubali kukatizwa. Na nyumba yenye muswada wa Kiarabu uliofungwa sandukuni isiuuze wala isiuache kwa mchwa: iutoe, imwite anayejua kuusoma, na impe mtoto wa nyumba hiyo kalamu aunakili.