Nani Apime Mswada? Juu ya Nyumba za Uchapishaji za Wanafunzi

Mhakiki huanza kazi yake kitabu kinapokwisha kuchapwa. Lakini kabla yake yupo mhakiki mwingine asiyetia sahihi: yule aliyesoma mswada na kuamua upite au urudishwe kwa mwenyewe. Katika makala haya mafupi tunakusudia kumchunguza huyo wa pili, hasa anapokuwa mwanafunzi.

Mfano unaojulikana ni Ooligan Press, iliyoanzishwa mwaka 2001 katika chuo kikuu cha Portland State, jimbo la Oregon, Marekani. Katika utaratibu wake, mtunzi alituma kwanza barua na maelezo ya kitabu chake. Wanafunzi wa kitengo cha uteuzi waliyapima, na waliporidhika waliusoma mswada wenyewe na kuuandikia ripoti. Mswada uliopendekezwa ulifikishwa mbele ya wenzao, wakaujadili na kuupigia kura. Waliuliza kama unalingana na vitabu vingine vya nyumba hiyo, iliyoelekea zaidi eneo la kaskazini-magharibi mwa Marekani. Utasomwa na nani. Na utahitaji kuhaririwa kiasi gani.

Sifa za njia hii ni wazi. Uamuzi hautegemei ladha ya mtu mmoja, na anayekataa hulazimika kutoa sababu kwa maandishi. Mwanafunzi hujifunza hapo kwamba kusema « sikupenda » si uhakiki. Hata hivyo, twaona kasoro mbili. Mlango wa kwanza ni barua; basi anayejua kujieleza kiofisi huingia kabla ya anayejua kusimulia. Tena, kupima mswada kwa wingi wa kazi ya kuhariri ni kuchanganya thamani ya maandishi na usafi wa tahajia.

Tutumie kipimo cha kwetu. Mwaka 1965, mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, palitokea maandishi yaliyopigwa kwa mashine yenye jina la André Yav: « Vocabulaire de la ville de Elisabethville ». Yalitungwa kwa ajili ya chama cha watu waliopata kuwa watumishi wa nyumbani. Yameandikwa kwa Kiswahili cha mji, na maneno yake yameunganishwa na kutenganishwa pasipo kanuni ya shule. Kichwa chaahidi msamiati. Ndani mna historia ya mji kama walivyoiona wafanyakazi wenyewe. Je, kikundi cha wanafunzi kingeyapitisha? Twadhani yangeanguka mlangoni: kichwa hakilingani na yaliyomo, na kalamu ya mhariri isingepata pa kupumzika. Yalisubiri hadi mwaka 1990 ndipo Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, alipoyachapisha Amsterdam pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Na njia iliyowafungulia maana ilikuwa nyepesi: Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti, na yaliyofumba macho yakaeleweka masikioni.

Funzo lake ni kubwa kwa wanafunzi wetu wanaotamani kuchapisha kwa Kiswahili. Mtunzi wetu mara nyingi amesoma kwa Kifaransa na kuishi kwa Kiswahili. Kosa la kuandika si dalili ya uhaba wa fikira. Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kurasa za mswada zisomwe kabla ya barua. Pili, ripoti iwe na sehemu mbili zisizochanganywa: moja juu ya maudhui na usimulizi, nyingine juu ya tahajia, na hii ya pili isiwe kamwe sababu pekee ya kukataa. Tatu, kabla ya kura, sehemu ya mswada isomwe kwa sauti mbele ya wote, na msomaji awe mtu anayekijua Kiswahili cha mahali pa mtunzi.

Pengine tutaambiwa kwamba hivyo ni kulegeza kanuni. Sivyo. Kanuni za uandishi zitatumika, lakini mahali pake, yaani mezani pa mhariri baada ya mswada kukubaliwa. Zikiwekwa mlangoni, zitawazuia wale wale ambao maandishi yao hatuna mwingine wa kutuandikia.